Jina Lililo Usoni mwa Saa: Mwongozo Kamili wa Kuitambua na Kuithamini Saa Kuukuu ya Mfukoni Yenye Jina la Muuzaji

Ukisoma usoni mwa saa kuukuu ya mfukoni jina la mtu na la mji, ni rahisi kuamini kwamba umeshampata aliyeitengeneza. Mara nyingi sivyo. Jina hilo huwa la mwenye duka aliyeiuza, na huenda hakuwahi hata kukata jino moja la gurudumu lake.

Ndivyo biashara ilivyokwenda. Katika Uingereza ya karne ya 19, mashine ghafi nyingi, yaani mitambo ya ndani ya saa isiyomalizwa, zilitoka Prescot, mji mdogo wa Lancashire. Zilimaliziwa London, Coventry au Liverpool na mafundi wengi, kila mmoja na kazi yake ndogo, na mwishoni likachorwa jina la duka lililoagiza. Marekani nako, viwanda kama Waltham na Elgin viliuza mashine peke yake na makasha yakatoka viwanda vingine. Sonara wa mjini ndiye aliyeviunganisha kulingana na uwezo wa mteja, na akiagiza mzigo wa kutosha aliweza kupata jina lake juu ya uso wa saa, pengine na kwenye mashine yenyewe.

Kwa hiyo mkononi una vitu vitatu: mashine, kasha na jina. Kila kimoja kina asili yake na tarehe yake. Visome kimoja kimoja kwanza, kisha uliza kama vinakubaliana. Sehemu kubwa ya thamani ya saa ya aina hii hutoka kwenye jibu la swali hilo.

Hatua ya 1: Kabla hujafanya lolote

Usiisugue. Dawa ya kung'arisha hula mihuri ya madini, hufuta nakshi, na kung'oa gilti, yaani ngozi nyembamba ya dhahabu, ambayo hairudi tena. Mnunuzi mzoefu huiona saa iliyosuguliwa papo hapo, na huishusha bei.

Ukitaka kujua kama inatembea, ijaze taratibu mara chache tu, kwa ufunguo au kwa taji (kile kitufe cha kuzungusha kilicho ukingoni). Ikigoma, iache. Ikitembea pia usiiache iende siku nzima, kwa sababu mafuta yaliyokauka ndani hugeuka kuwa kama msasa na kuzila ncha za ekseli. Saa za mwanzo wa karne ya 20 zenye namba na akrabu za kung'aa gizani huenda zina radiamu, madini yenye mionzi ya hatari. Hizo usifungue kioo chake wala kukwangua rangi.

Andaa lenzi inayokuza mara kumi, taa nzuri, mizani ya sonara, kalipa ya plastiki (chombo cha kupimia kipenyo) na kitambaa laini. Piga picha kila unapofungua sehemu mpya.

Hatua ya 2: Kuifungua bila kuiumiza

Saa nyingi zimeharibika mikononi mwa watu waliotumia nguvu mahali pasipohitaji nguvu. Chunguza ukingo wa nyuma kwanza. Ukiona bawaba, tafuta upande wa pili pengo dogo la kuingiza ukucha, na utarajie kifuniko cha pili cha ndani. Usipoona bawaba wala pengo, huenda kifuniko ni cha skrubu: kikamate kwa kiganja au kipande cha mpira, uzungushe kinyume na mwendo wa akrabu.

Kuna makasha ya Kimarekani yasiyofunguka nyuma kabisa. Unaondoa kioo cha mbele, unavuta taji juu, na mashine inageuka nje kwa bawaba yake. Saa nyingi za Kiingereza za kutiwa ufunguo hufanana na hizo: fungua kioo, bonyeza kikufuli kidogo kilicho karibu na namba 6, na mashine itainuka na uso wake. Hapo ndipo utakapoona maandishi yaliyo muhimu.

Hatua ya 3: Isome mashine

Anza na namba ya mfululizo. Kwa saa ya Kimarekani, namba ya kufuata ni ile iliyochorwa kwenye mashine. Ile ya kwenye kasha ni ya kiwanda cha makasha, na haihusiani na mashine hata kidogo. Hili ndilo kosa linaloenea kuliko yote: mtu anachukua namba ya kifuniko, anaitafuta kwenye orodha ya Waltham, na anapata mwaka usiolingana na chochote. Waltham ilianza mwaka 1850, Elgin ikaundwa 1864, Hamilton 1892, na wakusanyaji wamepanga kumbukumbu za viwanda hivyo kwenye intaneti. Ukiingiza namba ya mashine utapata modeli, daraja, idadi ya vito (vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano) na mwaka wa kukadiria.

Kuna majina mengine ya watu kwenye mashine za Kimarekani ambayo si ya wauzaji wala ya aliyeitengeneza saa. "P.S. Bartlett" ni modeli ya Waltham. "B.W. Raymond" ni modeli ya Elgin, na ndiyo iliyokuwa saa ya kwanza ya kiwanda hicho kuuzwa, mwaka 1867. Ukiyakuta, usipoteze muda kumtafuta sonara wa jina hilo.

Kama kiwanda hakikujitaja na jina la duka ndilo pekee, umbo litasema. Linganisha mpangilio wa mabamba, sura ya kidhibiti mwendo na mahali zilipo skrubu dhidi ya picha za mashine zinazojulikana. Kiwanda kiliweza kubadilisha jina kwa urahisi. Kubadilisha mitambo ya kukatia mabamba ilikuwa gharama kubwa. Pima pia kipenyo cha bamba la upande wa uso: milimita 43.18 ni saizi 16 ya Kimarekani, 44.87 ni saizi 18, na 39.79 ni saizi 12. Kipimo hicho ni cha mashine peke yake, bila kasha.

Saa ya Kiingereza ni ngumu zaidi. Namba iliyo juu yake ilikuwa ya duka au ya mmaliziaji, na hakuna orodha moja inayozikusanya zote. Ushahidi uko chini ya uso wa saa, na uso huo aondoe fundi saa, usiuondoe mwenyewe, maana enameli, ile ngozi ya kioo iliyochomwa juu ya uso, hupasuka kwa kubanwa kidogo tu. Chini yake huenda kukawa na herufi za aliyechonga mashine ghafi, J.W, kwa mfano, huweza kuwa za John Wycherley wa Prescot.

Za Uswisi nazo huficha alama chini ya uso au chini ya gurudumu la mizani, lile linalocheza huku na huku kuipa saa mwendo. Saa ya mchanga yenye mabawa ni ya Longines. Maandishi ya Kifaransa kwenye kifuniko cha ndani huwachanganya wengi: "Ancre", "Cylindre", "15 Rubis", "Spiral Breguet" ni maelezo ya ufundi, si majina ya waliotengeneza saa. Medali za maonyesho nazo, kama ile ya Paris 1889, zinaonyesha tu kwamba saa haikutengenezwa kabla ya mwaka huo.

Kisha tazama ufundi wenyewe. Mashine ya mtindo wa veji (njia ya kale ya kuachia mwendo wa magurudumu), yenye fuzi (koni inayozungushiwa mnyororo) na mnyororo mwembamba kama uzi, kwa kawaida ni ya karne ya 18 au mwanzo wa karne ya 19. Leva, njia inayotumia mkono mdogo kuachia mwendo huo, ndiyo iliyotawala baadaye. Kujaza kwa taji kulienea polepole baada ya kazi ya fundi saa Adrien Philippe miaka ya 1840, lakini Waingereza waliendelea kutengeneza saa za ufunguo karibu hadi mwisho wa karne hiyo, kwa hiyo ufunguo peke yake si ushahidi wa ukongwe. Hesabu vito pia: 7 ni mashine ya kawaida, 15 na 17 ni nzuri, 21 na 23 ni za daraja la juu. Maneno "Adjusted 5 Positions" yanamaanisha saa ilirekebishwa ili ishike wakati ikiwa imelala au kusimama katika mikao mitano, na hayo huongeza bei kweli.

Hatua ya 4: Lisome kasha

Kasha ndilo lenye tarehe sahihi kuliko yote, hasa kama ni la Kiingereza. Simba anayetembea ni fedha ya 925 kwa elfu. Kichwa cha chui ni ofisi ya ukaguzi ya London, nanga ni Birmingham, miganda mitatu ya ngano na upanga ni Chester. Herufi moja iliyo pembeni ndiyo inayotaja mwaka, ila lazima uangalie pia umbo la ngao inayoizunguka, kwa sababu kila ofisi ilirudia alfabeti mara nyingi. Dhahabu ya karati 9, 12 na 15 iliruhusiwa Uingereza kuanzia 1854. Mwaka 1932 karati 12 na 15 ziliondolewa na mahali pake ikaja 14. Kwa hiyo muhuri wa 15 unakupa mipaka miwili hata kama herufi ya mwaka imefutika.

Kuanzia tarehe 1 Juni 1907, makasha ya kigeni yaliyoingizwa Uingereza yalitakiwa kupigwa mihuri maalumu ya bidhaa za nje. Saa ya Kiswisi yenye jina la duka la London na muhuri wa aina hiyo haiwezi kuwa ya enzi ya Malkia Victoria, iliyokwisha 1901, hata familia isimulie vipi.

Uswisi ilitumia picha: kichwa cha mwanamke, Helvetia, kwa dhahabu ya 750, kindi kwa 585, dubu kwa fedha ya 875, ndege wa msituni kwa 800. Dubu watatu pamoja na 0.935 ni fedha iliyolengwa soko la Uingereza. Mwezi mwandamo na taji ni fedha halisi iliyopigwa muhuri Ujerumani, kuanzia 1888.

Marekani haikuwa na ofisi za serikali za kupiga mihuri, basi soma maneno kwa makini. "Coin" ni fedha ya 900. "Guaranteed 20 Years" ni tangazo kwamba dhahabu ni ngozi nyembamba juu ya shaba, na inatarajiwa kuhimili miaka hiyo kabla ya kuchakaa; kasha la dhahabu tupu halikuhitaji ahadi kama hiyo. "Silverine" na "Silveroid" hazina fedha ndani yake. Angalia pia kifuniko cha ndani cha saa za Kiswisi: kikiandikwa "Cuivre" au "Metal", ni cha shaba, hata kama vifuniko vya nje ni vya dhahabu halisi. Kwa macho tu havitofautiani.

Hatua ya 5: Mtafute mwenye duka

Sasa ndipo jina linapoingia kazini. Andika kila kitu kama kilivyo: herufi za kwanza, "& Son", "Ltd", namba ya nyumba, mtaa. Vitabu vya kale vya anwani za wafanyabiashara vimepigwa picha na maktaba nyingi na vinasomeka bure. Humo utamwona sonara akihama mtaa, akimwingiza mwanawe, akigeuka kampuni. Kila badiliko hubana tarehe.

Chukua mfano wa John Bennett wa 65 Cheapside, London. Alipewa hadhi ya "Sir" mwaka 1872. Saa iliyoandikwa "Sir John Bennett" haikutiwa jina hilo kabla ya hapo; iliyoandikwa "John Bennett" bila cheo yaelekea ni ya kabla. Neno moja dogo limefanya kazi ya herufi ya muhuri.

Wauzaji hawakuwa sawa, na hili ndilo linalogusa bei. J.G. Graves wa Sheffield aliuza "The Express English Lever" kwa posta kwa wingi mkubwa, na H. Samuel wa Manchester "Acme Lever". Ni saa za kazi, imara, na zipo nyingi hadi leo. J.W. Benson wa 62 na 64 Ludgate Hill aliuza za kila daraja, za Kiingereza na baadaye za Kiswisi, kwa hiyo jina lake peke yake halisemi kama una ya juu au ya kawaida. Tiffany & Co. ya New York ilitia jina kwenye saa za Patek Philippe, kiwanda mashuhuri cha Uswisi. Gondolo & Labouriau wa Rio de Janeiro nao waliuza za Patek Philippe kwa jina la "Chronometro Gondolo". Webb C. Ball wa Cleveland alijijenga kwenye usalama wa reli baada ya ajali ya treni ya Kipton, Ohio, ya Aprili 1891. Saa zenye jina lake zilitengenezwa na Waltham, Hamilton na wengine kwa masharti yake, na wakusanyaji huzilipia zaidi ya ndugu zake zisizo na jina hilo.

Kwa sonara asiyejulikana wa mji mdogo, thamani ya jina ni ya kienyeji: wanaokusanya historia ya mji huo wataongeza kitu, wengine hawatajali. Ni haki kumwambia mwenye saa hivyo bila kuzungukazunguka.

Usisahau karatasi ndogo ya mviringo inayowekwa kati ya makasha mawili ya saa za zamani. Karatasi hizo zilikuwa matangazo ya maduka na mafundi, na wakati mwingine zina tarehe ya matengenezo kwa kalamu. Michoro midogo ya sindano ndani ya kifuniko ni kumbukumbu za mafundi waliowahi kuihudumia. Vyote viwili viache vilivyo.

Hatua ya 6: Je, vitatu hivi vinakubaliana?

Tuseme una saa yenye jina la sonara wa Kiingereza, kasha la fedha lenye nanga ya Birmingham, na mashine ya Waltham. Asiyejua atasema imeunganishwa-unganishwa. Lakini Waltham iliuza mashine nyingi Uingereza, na Aaron Lufkin Dennison, mmoja wa waanzilishi wake, baadaye alifungua kiwanda cha makasha huko huko Birmingham, herufi A.L.D kwenye kasha ni zake. Kama namba ya mashine na herufi ya mwaka zinapishana kwa mwaka mmoja au miwili, una saa kamili iliyo sahihi.

Zikipishana kwa miaka 30, tazama ukingo wa ndani wa kasha. Alama za skrubu mahali ambapo mashine ya sasa haina skrubu zinaonyesha kwamba kasha lilishawahi kubeba mashine nyingine. Tundu la kurekebishia saa lisilokutana na chochote ni ushahidi wa namna hiyo hiyo. Dhahabu iliyeyushwa sana nyakati za shida, na mashine yatima zikatiwa makasha mapya.

Jina lenyewe nalo lichunguze. Chini ya lenzi, maandishi yaliyochomwa pamoja na enameli huonekana yametulia ndani ya kioo cheupe. Yaliyopakwa baadaye hukaa juu, na kingo zake huinuka au kumeguka. Kwenye mashine iliyopakwa gilti, kama gilti imeingia hadi ndani ya herufi, jina lilichorwa kabla ya kumalizwa. Kama ndani ya herufi kuna shaba tupu, lilichorwa baadaye. Hilo si kosa moja kwa moja, kwa kuwa maduka yalinunua pia mashine zilizo tayari, lakini linakutaka utafute ushahidi zaidi.

Majina ya uongo ni ya zamani pia. Mwishoni mwa karne ya 18, saa za bara la Ulaya ziliuzwa kwa majina kama "Tarts, London" na "Samson, London". Utazijua kwa daraja la mizani (kipande kinachoshikilia gurudumu la mizani) lililoshikiliwa kwa miguu miwili, wakati la Kiingereza lina mguu mmoja, na mara nyingi kwa mstari wa dakika uliopindapinda kama matao. Zina wapenzi wake na bei yake, ila si bei ya saa ya London.

Hatua ya 7: Hali yake

Hapa maneno machache yanatosha. Ufa mwembamba kwenye enameli unasameheka; kipande kilichomeguka pembeni kinashusha bei, na kilichotengenezwa kwa rangi kinashusha zaidi. Akrabu zisizofanana, taji la baadaye, bawaba iliyochomelewa kwa risasi, kutu kwenye springi: andika vyote. Gurudumu la mizani likisukumwa kidogo kwa kuitikisa saa linapaswa kucheza kwa uhuru bila kuyumba. Lisipocheza, ekseli yake huenda imevunjika, na gharama ya fundi mzuri yaweza kuzidi bei ya saa ya kawaida.

Hatua ya 8: Kuipa bei

Anza na sakafu, yaani madini. Kasha lipimwe bila mashine wala kioo. Kasha la karati 18 lenye gramu 40 lina gramu 30 za dhahabu safi. La fedha ya Kiingereza lenye gramu 60 lina gramu 55.5 za fedha safi. Zidisha kwa bei ya gramu ya siku hiyo. Ukiwa na kifuniko cha ndani cha shaba, kitoe kwenye hesabu. Saa nzima, iliyo kamili, haipaswi kuuzwa chini ya sakafu hiyo, na inauma kuona ngapi zimeyeyushwa kwa sababu hakuna aliyefungua kifuniko cha pili.

Kisha tafuta bei zilizolipwa, usitafute zinazoombwa. Tovuti za mauzo zina kichujio cha bidhaa zilizokwisha kuuzwa, na nyumba za mnada huchapisha matokeo. Linganisha kwa utaratibu huu: mashine ile ile na daraja lile lile kwanza, madini ya kasha pili, hali tatu, jina la muuzaji mwisho. Wengi huanza na jina, wakakuta saa ya dhahabu inayogonga robo saa ukibonyeza, wakadhani leva yao ya fedha kutoka duka lile lile inakaribia bei hiyo. Kumbuka pia kwamba bei ya mnada inayotangazwa mara nyingi imejumlisha kamisheni ya mnunuzi, na muuzaji hukatwa yake.

Jina hubeba uzito mkubwa pale tu linapokutana na mashine inayostahili. Bahne Bonniksen, Mdenmaki aliyefanya kazi Coventry, alisajili hataza ya Karrusel mwaka 1892, ufundi ambao mizani yake yote huzunguka taratibu ndani ya saa. Nyingi zilitoka na jina la sonara wa kawaida usoni, kwa hiyo duka dogo lisikufanye uache kufungua. Kronografu (saa yenye kipima muda), kalenda ya kudumu (inayojirekebisha yenyewe) na turbiyoni (mizani inayozunguka, ndugu ya Karrusel) ni hivyo hivyo. Ukishuku kwamba mashine ni ya Patek Philippe, kampuni yenyewe hutoa kwa malipo dondoo la kumbukumbu zake kwa namba ya mashine na ya kasha, na karatasi hiyo hujilipa.

Amua pia unataka thamani gani. Ya bima ni gharama ya kupata nyingine dukani, na ndiyo ya juu. Ya mnada iko chini yake. Ya mfanyabiashara anayenunua kesho asubuhi ni ya chini zaidi, maana lazima ailipie fundi na abaki na faida. Zote tatu ni za kweli kwa saa moja ile ile. Omba ziandikwe zikiwa zimetajwa ni za aina gani na za tarehe gani. Na mthamini awe mtu unayemlipa ada kwa kazi hiyo, asiwe na nia ya kuinunua saa yenyewe. Akikupa bei bila kuifungua mashine, tafuta mwingine.